Siku bibi aliponiamuru nilishushe jua

Najua nimepotea. Wengine mmeanza kuulizana kwenye foleni ya kafeteria kama nimedisko... sijadisko jamani! Nilikuwa nimebanwa na projekti ya mwaka wa mwisho, na kwa kuwa watoto wa mwaka wa pili wananisimamisha koridoni kila siku kuniuliza "kaka, katuni inatengenezwaje?", nimeona bora niandike yote hapa mara moja, kisha atakayeniuliza namwelekeza huku.

Projekti yenyewe ni filamu ya katuni ya sekunde 90. Mnacheka? Mimi pia nilicheka nilipoandika pendekezo. Sekunde tisini si kitu, unapiga miayo miwili zimeisha. Lakini sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 tuli zinazopita haraka mpaka jicho linadanganyika kwamba kitu kinatembea. Zidisha mwenyewe: fremu 2,160. Kila moja inabidi kompyuta iipike kivyake.

Hadithi haina mambo mengi. Ngalawa inarudi pwani Pangani, mwanamke kasimama ufukweni anaingoja. Basi. Mwanamke ni bibi yangu mzaa mama, na mwenye ngalawa ni babu, ambaye mimi sikumkuta. Alifariki kabla sijazaliwa na hakuna picha yake hata moja, si nyumbani kwetu wala kwa ndugu. Ndiyo maana nikachagua hiyo badala ya roboti zinazopigana kama wenzangu.

Sasa kuhusu huko kupika. Wenyewe tunaita kurenda. Ukishachonga ngalawa yako ndani ya kompyuta, ukaiwekea rangi, ukaweka bahari na jua na kamera, bado huna picha. Una maelezo tu ya mahali. Kompyuta lazima ikae chini ikokotoe: mwanga ukitoka kwenye jua hili, ukagonga maji haya, ukaruka ukagonga ubao, jicho lililosimama hapa litaona nini? Njia ya kweli kweli ni kufuatilia miale mmoja mmoja. Kwa kila kitone cha picha unarusha mamia ya miale, kila mmoja unaruka huku na huku mpaka uchoke, halafu unachukua wastani. Picha ya ukubwa wa kawaida, 1920 kwa 1080, ina vitone zaidi ya milioni mbili. Mimi nilikuwa narusha miale 512 kwa kila kitone. Hiyo ni zaidi ya miale bilioni moja kwa FREMU MOJA, kabla hata haijaanza kurukaruka.

Wakubwa wenyewe wameteseka hivyo miaka yote. Toy Story ya 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilirendwa na kompyuta 117, na fremu moja ilichukua kati ya dakika 45 na saa 30 kutegemea na vilivyomo. Utasema hiyo ni zamani, mashine zilikuwa dhaifu. Haya, njoo 2013, Monsters University. Pixar walikuwa na kompyuta kama 2,000, na fremu moja ilichukua wastani wa saa 29! Miaka kumi na minane imepita, mashine zina nguvu maradufu na maradufu tena, na muda uko palepale. Sababu ni kwamba kila mashine ikiongezeka nguvu, wasanii wanaongeza manyoya. Yule Sulley wa rangi ya buluu peke yake alikuwa na nywele zaidi ya milioni tano mwilini. Ni kama mshahara tu, ukiongezeka na matumizi yanaongezeka.

Mimi sina kompyuta 2,000. Nilikuwa na moja, ile ya kona kwenye maabara, ambayo fundi wa maabara aliniruhusu kuiacha ikifanya kazi likizo fupi ilipoanza. Fremu moja ilichukua dakika tisa. Nikapiga hesabu: siku 13 na nusu, usiku na mchana, bila kuzimwa. Nikaona poa, deadlaini ipo mbali, nikabonyeza, nikaenda zangu kulala. Kila asubuhi nikipita kuichungulia kama mtu anayechungulia kuku anayeatamia.

Siku ya nne usiku umeme ukakatika.

Hapo ndipo niwape siri yangu ya aibu. Mwenye akili anarenda fremu mojamoja, kila moja inakaa kwenye faili lake, umeme ukikatika anapoteza fremu moja na kesho anaendelea. Mimi nilikuwa nimeiambia programu itengeneze video moja kwa moja. Faili moja. Ambalo halikufungwa vizuri. Ambalo halikufunguka tena, hata nilipolibembeleza kwa kila programu niliyoijua. Kama fremu 640 zilikwenda na maji. Ni kosa langu, simlaumu mtu, ila nilikaa pale sakafuni kwa muda mrefu kidogo, tuseme hivyo.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa chumba cha tatu. Wanaokaa holi letu mnamjua, yule anayecheza gemu za mpira mpaka saa nane za usiku huku anapiga kelele kama yuko Taifa. Nikaenda kumlalamikia, akaniangalia kwa huruma, akasema: "Sasa mwanangu, we si unaona hapa? Nyasi hizi, jua hili, vivuli hivi, vyote vinachorwa mara sitini kwa sekunde moja nikiwa nacheza. Yako inachukua dakika tisa kwa picha moja ina nini?"

Nilitaka kumjibu kitaalamu, kwamba gemu inadanganya na mimi natafuta ukweli. Na kweli gemu inadanganya. Haifuatilii miale bilioni. Inachukua kila pembetatu iliyojenga umbo, inaibandika kwenye kioo, inaipaka rangi kwa kanuni ya mkato, basi. Kivuli inakipata kwa kujifanya imekaa kwenye jua na kuuliza "kutoka hapa naona nini?", kisichoonekana kinapakwa giza. Taswira kwenye maji inaiiba kutoka kwenye picha ileile iliyokwisha chorwa. Ujanja mtupu. Lakini ujanja huo umepigwa msasa kwa miaka mingi, kwa pesa za watu kama jirani yangu wanaonunua kadi za grafiki ili wafunge mabao usiku wa manane. (Mama zetu waliosema gemu hazina faida, hapa nawaombea msamaha wa pande zote mbili.)

Na wala si wazo jipya. Mwaka 1996 wachezaji wa Quake walishatengeneza kifilamu ndani ya gemu yenyewe, Diary of a Camper. 2003 ukaja mfululizo wa Red vs. Blue uliotengenezwa ndani ya Halo. Watu walidhani ni mzaha wa vijana. Kisha injini zile zikaendelea kukua, na Unreal ikaanza kutolewa bure 2015, na katuni za runinga zikaanza kuhamia humo. Kuna moja ya watoto inaitwa Zafari, ya 2018, miongoni mwa mifululizo ya mwanzo kabisa kurendwa yote ndani ya Unreal. Hadithi yake ni ya tembo mdogo aliyezaliwa na milia ya pundamilia, na anaishi wapi? Kwenye bonde lililo chini ya Mlima Kilimanjaro! Ilitengenezwa Montreal, Kanada. Nikaona aibu kidogo, mlima wetu wameshautia kwenye injini ya gemu kabla yetu.

Usiku uleule jirani akanionyesha Flow. Kama hujaiona, itafute. Ni filamu ya Latvia, haina maneno hata moja, ni paka tu na wenzake kwenye jahazi dunia ikiwa imefurika maji. Mmoja wa abiria ni ndege karani, huyuhuyu wa mbuga zetu, mwenye miguu mirefu na maringo. Mwongozaji, Gints Zilbalodis, aliitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo hata mimi ndiyo ninayotumia, kwa kutumia injini yake ya papo hapo iitwayo EEVEE, iliyoingia kwenye Blender 2.80 mwaka 2019. Fremu yake moja ilichukua kati ya nusu sekunde na sekunde kumi. Hakukodi shamba la kompyuta, alirendea kwenye mashine yake mwenyewe. Bajeti nzima ilikuwa kama euro milioni 3.5. Kwenye tuzo za Oscar za Machi 2025 ilishindana na Inside Out 2, ambayo gharama zake zinatajwa kuwa kama dola milioni 200, na tuzo ikaenda Latvia, mara ya kwanza kabisa kwa nchi hiyo.

Nikamwangalia jirani. Jirani akaniangalia. Akasema, "Laptopu nakuazima wiki mbili. Ukiiangusha nakuzika."

Sasa hadi hapo mtaona hii ni stori ya kasi. Dakika tisa kuwa sekunde nne, siku 13 na nusu kuwa saa mbili na dakika 24. Hata mimi nilidhani ndiyo maana yake. Nilifungua filamu yangu kwenye ile laptopu, nikahamia EEVEE, nikarekebisha rangi zilizoharibika (zinaharibika, msidanganywe kwamba ni kubonyeza kitufe kimoja), na baada ya siku mbili nikawa na kitu kinachotazamika. Ilikuwa alfajiri. Jua linachomoza baharini, ngalawa inakuja kutoka kwenye jua lenyewe, tanga limejaa, kila kitu kimekuwa kivuli cheusi juu ya maji ya dhahabu. Mwalimu wangu alishauona mchoro wa picha ile na aliupenda sana. Nilijiona msanii.

Nikapanda basi la Tanga, nikaunganisha hadi Pangani, lengo langu likiwa moja tu: kurekodi sauti ya bibi akivumisha kile anachovumishaga akipepeta mchele, niiweke chini ya picha. Wala sikuwa na mpango wa kumwonyesha filamu. Niliona bado haijakamilika, atashangaa tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Hao wanawake wa chuo hawakupikii?"

Mnajua bibi zetu. Baada ya chakula akaniona nimefungua laptopu, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, akasema niisogeze aone. Akarudi nyuma na kigoda chake maana vya karibu havioni vizuri, akatazama. Sekunde tisini zikapita. Akataka tena. Nikarudia.

"Huyu nani?"

"Ni babu."

"Anatoka wapi?"

"Kuvua. Alfajiri, anarudi."

Akakaa kimya. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Anarudi na upepo gani?"

Sikuelewa swali. Akanieleza kama anamweleza mtoto. Alfajiri upepo unatoka bara, unavuma kwenda baharini. Ndiyo wavuvi wanatoka nao. Sasa huyu tanga limejaa namna ile na anakuja pwani, nani anamsukuma, jini? "Babu yako alikuwa anatoka na umande, anarudi na upepo wa baharini baada ya mchana. Mimi nikishaswali alasiri ndiyo nashuka pwani kumtazamia."

Wadau, nilihisi joto la masikio. Miezi minne ya kazi, na mwalimu, na mimi mwenyewe mjukuu wa mvuvi, hakuna aliyejiuliza upepo unatoka wapi.

Sasa fikirini maana yake. Pwani ile inatazama mashariki. Alfajiri jua liko baharini, nyuma ya ngalawa, ndiyo maana ilikuwa kivuli cheusi. Alasiri jua liko bara, nyuma ya mgongo wa anayetazama, linaipiga ngalawa usoni. Kubadilisha saa si kubadilisha rangi kidogo, ni kugeuza mwanga wote wa filamu juu chini. Kwa ile njia yangu ya kwanza ningemwambia, "Sawa bibi, nitarekebisha," nikarudi Dar, nikaomba tena siku 13 za umeme usiokatika, au zaidi ningejifanya sikusikia. Nadhani ningejifanya sikusikia. Nani angejua? Mwalimu alishapenda alfajiri.

Badala yake nikasema, "Bibi, ngoja nilihamishe jua."

"Wewe? Unahamisha jua?"

Jua kwenye Blender ni taa tu, unaishika unaizungusha. Nikalitoa baharini nikalipeleka nyuma yetu. Maji yakaacha weusi yakawa kijani. Tanga likawa jeupe. Vivuli vya minazi vikaja mbele kwenye mchanga, palepale, mbele ya macho yake, ngalawa ikiendelea kuja. Bibi akasimama kutoka kwenye kigoda.

"Lishushe. Bado... bado. We! Umepitiliza, hiyo magharibi imeshaingia, sasa atafika saa ngapi? Pandisha kidogo. Hapo. Acha hapohapo usiguse."

Nikaondoa mkono. Akatazama kwa muda, kisha akasema, "Kaniki yangu iko wapi?"

Ndiyo nikasikia jambo ambalo hata mama hakuwahi kunisimulia. Tanga la babu lilichanika mwaka fulani, na hawakuwa na hela ya kitambaa, bibi akakata kipande cha kaniki yake akalishona kiraka. Tanga jeupe, kiraka cheusi. Tangu siku hiyo, zikija ngalawa kumi kwa pamoja, yeye alikuwa anaijua ya mumewe kabla wanawake wenzake hawajaanza kubishana. "Wao wanatazama, mimi nimeshageuka kwenda kuwasha moto."

Nikachukua brashi ya kupaka rangi kwenye programu, nikapaka kiraka juu ya tanga huku ananielekeza. Si hapo, chini zaidi. Karibu na mshono. Kikubwa zaidi, mimi sikuwa bahili. Tukakaa pale karibu saa nzima. Sijui nieleze vipi, lakini yeye ndiye alikuwa mwongozaji na mimi nilikuwa kibarua wa kompyuta. Hajawahi kushika kipanya maishani mwake.

Halafu kumbukeni, kwenye ile alfajiri yangu ya kisanii kiraka hakingeonekana kabisa. Kila kitu kilikuwa cheusi.

Wataalamu mtanikosoa kwamba hata njia ya miale ina dirisha la kuchungulia picha kabla haijaiva. Ipo, naijua. Kwenye kompyuta ya maabara lile dirisha lilikuwa linanionyesha uji wa ulezi, na ukisogeza kitu unaanza uji upya. Bibi angeshaenda kulala.

Tangu nirudi nimekuwa nikisoma wengine wanafanyaje, na naona jambo lilelile kila mahali. Zilbalodis amesema hakuchora zile picha za mpangilio kama ilivyo desturi ya studio. Alijenga mahali, akaingia na kamera, akatembeatembea mpaka akaipata filamu. The Lion King ya 2019, Jon Favreau na watu wake walivaa miwani ya uhalisia pepe, wakaingia ndani ya mbuga iliyojengwa kwenye injini ya gemu ya Unity, wakapiga picha humo kama watu waliosimama porini kweli. Na picha za mwisho za filamu ile hazikutoka kwenye injini ya gemu, zilirendwa kwa njia ndefu ya zamani. Yaani walichokihitaji kutoka kwenye upapo-kwa-hapo haikuwa kuharakisha kumaliza. Walihitaji mtu wa kamera mzoefu, asiyejua kompyuta, aweze kusema "sogea kushoto" na kuona kushoto kunafananaje.

Sitaki kuwauzia ndoto lakini. Kwanza, nani amesema kuona papo hapo hakuna sumu? Niliporudi holi nilipoteza siku tatu nzima nikihamisha jua. Nusu nyuzi huku, nusu nyuzi kule, mara mawingu, mara bila mawingu. Zamani dakika tisa zilikuwa zinanilazimisha kuamua kwanza, kisha kubonyeza. Sasa kila uamuzi ni wa muda. Nikafikiria wale wanaofanya kazi studio na mteja kakaa nyuma ya kiti, mteja anayejua kwamba kila kitu kinabadilika kwa sekunde moja... Mungu awape subira.

Pili, ujanja wa gemu una bei yake na nimeilipa. Nimesema taswira kwenye maji inaibwa kutoka kwenye picha iliyokwisha chorwa. Basi kitu kisichokuwepo kwenye picha hakina taswira. Kuna mahali ngalawa inakaribia, ncha ya tanga inatoka juu ya fremu, na taswira ya ile ncha kwenye maji ikakatika kama imekatwa na kisu! Niliona usiku wa kuamkia kukabidhi. Nikairudisha kamera nyuma kidogo, tanga likaenea, lakini kwenye shoti moja nilishindwa, na siku ya utetezi mwalimu akasimamisha video hapohapo. Ana jicho yule mzee. Akaniuliza kwa nini sikufuatilia miale kama nilivyoandika kwenye pendekezo. Nikamweleza habari ya upepo. Akasema habari ya upepo ni nzuri, ila kosa kwenye maji ni kosa kwenye maji. Nimepata B. Naikubali, japo ile alfajiri ambayo ngalawa inasukumwa na jini nadhani angeipa A.

Na Pixar hawajafunga virago. Inside Out 2 ilirendwa kwa njia yao ileile ya miale na ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 mwaka 2024. Wana sababu zao, na wana umeme. Tatu, hata hii "bure" inataka kadi ya grafiki, na bei yake inazidi bumu la muhula. Mimi nilibebwa na mcheza gemu. Wa mwaka wa pili, kabla ya kunifuata koridoni, fanyeni urafiki na wacheza gemu.

Jana nimerudisha laptopu, haina mkwaruzo. Mwenyewe kaifungua, kaikuta ngalawa bado ipo kwenye diski, akaitazama mara mbili bila kusema kitu, halafu akaniuliza kama naweza kumwekea mvua. Nikamwambia muulize bibi.

Bibi mwenyewe nilimtumia filamu iliyokamilika kwenye simu ya mama mdogo. Amewaonyesha majirani wote. Mama mdogo kanipigia kwamba kuna bibi wa nyumba ya nne, naye marehemu mumewe alikuwa mvuvi, anataka ngalawa yake nayo iwemo, nyuma ya ya babu. Bibi amekataa katakata. Anasema zilikuwa haziji pamoja, ile ilikuwa inachelewa siku zote.

Haya, foleni ya msosi imeshafika mlangoni. Tuonane.